Baba Constance na Giles: kisa cha kutafuta asili ya Stephen Hopkins

Ukifika mtaani kwetu ukaulizia kwa Fatuma, utaulizwa kwanza, "Fatuma yupi?" Sema Mama Hamisi, na mtoto wa kwanza utakayekutana naye atakufikisha mpaka mlangoni. Jina lake mwenyewe analichangia na wengi. Linalomtenga ni la mwanawe. Nimeanza na jambo hili dogo kwa sababu ndilo lililofungua kisa ninachokichambua hapa, cha mlowezi wa Kiingereza aliyetafutwa kwa vizazi kadhaa kwa jina lake asipatikane, akaja kupatikana kwa majina ya watoto wake.

Mtu huyo ni Stephen Hopkins. Alikuwa abiria wa Mayflower, merikebu iliyovuka Atlantiki mwaka 1620 na kuanzisha makazi ya Plymouth, katika Massachusetts ya leo. Wazao wake Marekani ni wengi mno. Tangu mwaka 1897 wazao wa abiria wa merikebu ile wana jumuiya yao, na anayetaka kujiunga lazima athibitishe kila kizazi kwa hati: nani alizaliwa na nani, nani alioana na nani. Kushuka kutoka kwa Hopkins hadi leo kazi ilikuwa imefanywa vizuri. Shida ilikuwa kupanda. Baba yake nani? Alitoka kijiji gani? Mama wa watoto wake wakubwa alikuwa nani?

Hati ya msingi ni orodha ya abiria aliyoiandika William Bradford, gavana wa Plymouth, miaka 30 hivi baada ya safari. Bradford anamtaja Hopkins na mkewe Elizabeth, watoto wawili, Giles na Constance, ambao anasema wazi walikuwa wa mke wa kwanza, kisha watoto wawili wa Elizabeth, Damaris na Oceanus. Huyu Oceanus alizaliwa baharini, na jina lake ndilo ushahidi wake. Wanafuata watumishi wawili, Edward Doty na Edward Leister. Mke wa kwanza hakuandikwa jina. Ametajwa kwa neno moja tu, kwamba alikuwepo, na kwa muda mrefu sana neno hilo ndilo lililokuwa maisha yake yote katika maandishi.

Pengo la namna hiyo halikai tupu. Watu hulijaza. Kwa miaka mingi vitabu vya koo vilichapisha kwamba Hopkins alitoka Wotton-under-Edge, mji wa watengeneza nguo huko Gloucestershire, kwa kuwa jina Stephen Hopkins limeonekana kule. Mke wa kwanza naye akapewa jina, Constance Dudley. Hakukuwa na hati hata moja nyuma ya jina hilo. Binti anaitwa Constance, basi mama naye akafanywa Constance, na Dudley ni ukoo mkubwa uliokaribia kiti cha enzi cha Uingereza. Mwandishi mmoja huandika, wa pili humnakili, wa tatu huwataja wote wawili kama mashahidi. Sisi wa pwani tunaujua ugonjwa huu. Tumeona shajara za nasaba zinazopanda kwa starehe hadi kwa masharifu na masultani, na ukiomba karatasi ya babu wa nne watu wanakasirika. Mimi huumia zaidi kwa ajili ya yule aliyefutwa ili mtukufu apate nafasi. Constance Dudley alikalia kiti cha mwanamke wa kweli.

Kosa la Wotton ni la kawaida, tena linaeleweka. Mwingereza wa zama zile hakuwa na "bin". Alikuwa na jina la ubatizo na jina la ukoo, basi. Kwetu ukisikia Salim bin Rashid bin Juma umeshapata vizazi vitatu kabla hujafungua kitabu. Ukisikia Stephen Hopkins hujapata hata baba. Mtu akiona jina hilo Gloucestershire akasema "ndiye," hajathibitisha lolote zaidi ya kwamba wazazi wawili walipenda jina moja.

Mwaka 1998 mtafiti wa Kimarekani, Caleb Johnson, alichapisha jibu jingine katika jarida la wanasaba la huko kwao. Jibu lake lilikuwa Hursley, kijiji kilicho kilomita chache kusini-magharibi mwa Winchester, mkoa wa Hampshire, mbali kabisa na Wotton. Katika kitabu cha parokia ya Hursley kuna watoto watatu waliobatizwa, baba yao akiwa Stephen Hopkins: Elizabeth tarehe 13 Machi 1604, Constance tarehe 11 Mei 1606, na Giles tarehe 30 Januari 1608.

Tusimame kidogo kwenye hizo tarehe, maana hapa wengi hujikwaa. Vitabu vya parokia vya Uingereza vilianza mwaka 1538, kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII. Lakini mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi, na uliendelea hivyo hadi kalenda ilipobadilishwa mwaka 1752. Kwa hiyo Januari ya ubatizo wa Giles, kwa hesabu ya karani wa Hursley, ilikuwa bado mwaka 1607, na Machi ya Elizabeth ilikuwa bado 1603. Asiyejua hili humpata mtoto mmoja mara mbili, au humzaa kabla wazazi hawajaoana, kisha hujenga juu ya kosa hilo.

Turudi kwa watoto. Stephen Hopkins mmoja ni jina tu. Stephen Hopkins mwenye binti Constance na mwana Giles ni mtu. Constance halikuwa jina la kila nyumba, na Giles halikuwa la kila mtaa kama John au Thomas. Majina hayo mawili kukutana chini ya baba huyo huyo, kwa umri unaolingana na vijana wawili waliopanda Mayflower mwaka 1620, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa miaka 12, ni vigumu kuliita sadfa. Baba Constance. Baba Giles. Hapo ndipo alipojulikana.

Na mama? Kitabu kile kile kinaonyesha kwamba Mary Hopkins alizikwa Hursley tarehe 9 Mei 1613. Siku tatu baadaye, tarehe 12 Mei, mirathi yake ilikabidhiwa kisheria kwa wanaume wawili, Robert Lyte na Thomas Syms. Hawakuwa ndugu zake, wala hati haiwaiti hivyo. Walikuwa waangalizi wa maskini wa parokia, watu ambao sheria ya mwaka 1601 iliwapa kazi ya kuwatunza wasio na wa kuwatunza. Walikabidhiwa mali hadi watoto wakue, na watoto wametajwa kwa majina: Constance, Elizabeth na Giles.

Hebu zione siku zile. Tarehe 9 mama anazikwa. Tarehe 11 inatimia miaka 7 kamili tangu Constance abatizwe katika kanisa hilo hilo. Tarehe 12 majina ya watoto yanaandikwa na karani, na wanakuwa chini ya mikono ya parokia. Giles ana miaka 5, Elizabeth ana 9. Hati za mirathi ni karatasi kavu, lakini anayezisoma kwa tarehe zake huona watoto watatu wamesimama uani na hakuna mtu mzima wa kwao.

Sasa linakuja fundo lenyewe. Hati hiyo inamwita Mary mjane. Kama ni mjane, mumewe amekufa kabla ya Mei 1613. Kama Stephen wa Hursley amekufa kabla ya 1613, hawezi kupanda Mayflower mwaka 1620, na nyumba yote tuliyoijenga inaanguka. Mtu anayetaka sana kufika kwenye jibu lake angelipita neno hili haraka. Halipitiki. Lazima liulizwe: mume alikuwa wapi?

Jibu liko Bermuda. Juni 1609 merikebu Sea Venture iliondoka Uingereza ikielekea koloni la Virginia, ikakutana na kimbunga, na tarehe 28 Julai ikakwama kwenye miamba ya Bermuda. Watu karibu 150 waliokuwamo walifika nchi kavu wote wazima. Miongoni mwao alikuwamo Stephen Hopkins, msaidizi wa mchungaji Richard Bucke, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma zaburi na sura za Biblia siku za Jumapili. William Strachey, aliyekuwa kwenye merikebu hiyo hiyo, aliandika habari zake katika barua ndefu ya mwaka 1610 iliyokuja kuchapwa mwaka 1625. Anamweleza kama mtu aliyeyajua Maandiko na mwenye kujenga hoja. Hoja aliyoijenga ilimponza. Januari 1610 aliwaambia wenzake kwamba mamlaka ya gavana, Sir Thomas Gates, yalikwisha siku chombo kilipovunjika, na kwamba kila mtu sasa yuko huru kuijali nafsi yake na watu wake. Kengele ikapigwa, watu wakakusanywa, Hopkins akaletwa na pingu mikononi. Akahukumiwa kifo kwa uasi.

Strachey anasema alilia na kuomba sana, akitaja maangamizi yatakayomfika mkewe na watoto wake. Wakubwa wakamwonea huruma, wakamwombea kwa gavana, akasamehewa.

Mkewe na watoto wake. Maneno hayo yalikaa kwenye chapa tangu 1625, na kwa anayeitafuta nasaba ni dhahabu. Hopkins wa Bermuda, Januari 1610, ana mke na zaidi ya mtoto mmoja Uingereza. Huko Hursley, mwezi huo huo, kuna mke wa Stephen Hopkins na watoto watatu, mdogo akikaribia kutimiza miaka miwili. Walionusurika waliunda vyombo viwili vidogo kwa mbao za kisiwani na za merikebu iliyovunjika, wakafika Virginia Mei 1610. Kati ya safari ile na kifo cha Mary ni karibu miaka minne. Mwanamke ambaye mumewe amevuka bahari miaka minne, chombo chake kilitangazwa kimepotea, anaonekanaje machoni pa karani wa kijijini? Na waangalizi wa maskini wanakabidhiwa watoto lini, kama si pale ambapo baba hayupo? Mimi nasema neno "mjane" limeandikwa na watu waliokuwa wanaamini wanachokiandika. Wanawake wa pwani ambao waume zao walipanda majahazi ya kusi wasirudi na kaskazi wanaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Bado kuna kiungo kinachotaka kukazwa: kwamba Hopkins wa Bermuda ndiye Hopkins wa Mayflower. Hapa ushahidi haumo kwenye kitabu cha kanisa, umo kwenye mwenendo wake. Novemba 1620 kundi la wapelelezi kutoka Mayflower lilikuta msituni mti mchanga umepindwa, na chini yake zimetawanywa mbegu za mwaloni. Wenzake hawakujua ni nini. Hopkins akawaambia ni mtego wa paa. Bradford, aliyekuwa akija nyuma, akasogea kutazama na ukamnasa mguu. Machi 1621, Samoset, mwenyeji mmoja wa nchi zile, alipoingia Plymouth kwa miguu yake na kuwasalimu kwa Kiingereza, alilazwa nyumbani kwa Hopkins usiku ule. Julai yake Hopkins alitumwa pamoja na mlowezi mwenzake Edward Winslow kwenda kwa Massasoit, mkuu wa wenyeji wa kabila la Wampanoag. Mtu anayetafutwa kila mara penye shughuli na wenyeji alikuwa amewahi kuishi karibu nao, na kati ya abiria wa merikebu ile, aliyetangulia kufika Virginia ni yeye.

Neno moja kuhusu wenyeji hao, kwa sababu siwezi kuandika "mlowezi" kana kwamba ni cheo cha heshima tu. Mahali Plymouth ilipojengwa palikuwa na kijiji, jina lake Patuxet, na watu wake walikuwa wamefagiliwa na maradhi miaka michache tu kabla, kati ya 1616 na 1619. Mashamba yalikuwa yamekwisha kufyekwa na watu ambao hakuna karani aliyeandika majina yao. Tunapofurahi kumpata Mary Hopkins kwa tarehe ya maziko yake, tukumbuke ni upande mmoja tu wa ufuo ule uliokuwa na vitabu.

Kati ya Hursley na Mayflower kuna kituo kimoja London. Tarehe 19 Februari 1618 Stephen Hopkins alimwoa Elizabeth Fisher katika kanisa la St Mary Matfellon, Whitechapel. Hii inakubaliana na Bradford: mke wa pili ni Elizabeth, na Damaris alikuwa mtoto mdogo wakati wa safari. Yule Elizabeth binti wa Hursley, aliyekuwa hai Mei 1613, hayumo kwenye orodha ya abiria. Baadaye, huko Plymouth, Hopkins alipata binti mwingine akamwita tena Elizabeth. Kwa desturi zao, na zetu pia, jina hurudishwa hivyo pale mwenye jina la kwanza anapokuwa ametangulia.

Mwisho wa mnyororo ni wosia wa tarehe 6 Juni 1644, ulioshuhudiwa na Myles Standish, kapteni wa askari wa Plymouth, na Bradford mwenyewe. Hopkins anaomba azikwe karibu na mkewe marehemu, kisha anagawa ng'ombe, na anawagawa kama mfugaji anayemjua kila mmoja. Giles anapewa fahali mkubwa aliyeko kwa Bi Warren. Stephen, mwana wa Giles, anapewa shilingi 20 alizonazo Bi Warren, kodi ya fahali huyo huyo. Constance, mke wa Nicholas Snow, anapewa farasi jike. Deborah na Damaris wanapewa kila mmoja ng'ombe na ndama wake, na ng'ombe aitwaye Motley wanagawana nusu kwa nusu. Ruth anapewa Red Cole, Elizabeth anapewa Smykins. Kufikia tarehe 17 Julai mali yake ilikuwa inaorodheshwa, maana yake alikuwa amekwisha kufa. Giles na Constance wa Hursley, Giles na Constance wa baharini, Giles na Constance wa wosia: hati tatu kutoka mikono mitatu tofauti zinashikana hapo.

Kupanda juu zaidi ya Stephen, ardhi inakuwa laini kidogo. Mwaka 2004 Ernest Christensen alichapisha hoja kwamba yeye ndiye Stephen aliyebatizwa tarehe 30 Aprili 1581 huko Upper Clatford, kijiji kilicho karibu na Andover, Hampshire hiyo hiyo, mwana wa John Hopkins na Elizabeth Williams. Aliieleza nasaba hiyo kuwa inaelekea kuwa kweli, hakuitangaza kuwa imethibitika, na ninamheshimu kwa hilo. Umri unafaa, mkoa ni huo, na binti wa kwanza wa Hursley anaitwa Elizabeth, jina la bibi yake mzaa baba kama hoja hii ni sahihi. Kwetu pia mjukuu wa kwanza hupewa jina la bibi. Lakini Elizabeth lilikuwa jina la malkia na la nusu ya wasichana wa Uingereza, na mimi nisingelitundika nasaba yangu juu ya jina hilo peke yake.

Mtindo huu wa kumtafuta mtu kwa kundi lake una kazi kubwa kwetu. Vitabu vya ubatizo vya misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, vimejaa watoto waliokombolewa utumwani, wakapewa majina ya watakatifu. Ukimtafuta babu aitwaye Joseph humo utachoka. Mtafute Joseph aliyeoa Cecilia, wakamzaa Bonifasi, na Petro akawa msimamizi wa ubatizo. Mfuate Petro huyo kwenye ubatizo wa mtoto wa pili na wa tatu. Ukikuta kundi lile lile limesimama pamoja mara tatu, umempata. Na ukikuta neno linalokataa, kama "mjane" wa Hursley, lipe siku zake. Usilifiche.

Imebaki Mary. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya Simon Neal, aliyepekua kumbukumbu za Uingereza akiwatafuta wake wawili wa Hopkins. Uchunguzi wake unamtambua Mary kama wa ukoo wa Kent wa Hursley, ukoo uliojiandika pia kwa jina la pili, Back, kama koo nyingi za Kiingereza zilivyofanya wakati ule. Baba yake ni Robert Kent, mama yake Joan Machell. Tangu azikwe ilikuwa imekaribia miaka 400: kwanza hakuwa na jina, kisha akaitwa Constance Dudley, kisha akawa Mary mjane, mama wa watoto watatu. Sasa anaandikwa Mary binti Robert.